Msimbomilia: Aina Zake na Matumizi Yake katika Biashara

1. Utangulizi

Mnunuzi achukuapo pakiti ya maziwa ya unga au kitabu katika duka la kisasa, hukuta juu yake mistari myeusi iliyosimama sambamba, mingine mipana na mingine myembamba, na chini yake safu ya tarakimu. Katika Kiswahili alama hiyo imekwisha kupata majina zaidi ya moja. Wako waiitao msimbomilia, kwa kuifananisha na ngozi ya punda milia. Wako wasemao msimbopau, kwa kuwa mistari yake yafanana na pau za paa ambalo bado halijaezekwa. Nchini Kongo wengi hutumia neno la Kifaransa, code-barres. Makala haya yanachagua neno msimbomilia.

Kuizoea alama hii machoni si kujua kuisoma. Wateja wengi husadiki mambo mawili yasiyo ya kweli: kwamba bei imeandikwa ndani ya milia, na kwamba tarakimu tatu za mwanzo hutaja nchi ambamo bidhaa ilitengenezwa. Imani hiyo ya pili ina madhara, maana mtu aweza kukataa unga au dawa ya meno, au kuipokea kwa imani isiyostahili, kwa ajili ya tarakimu ambazo hazisemi lile analodhani. Makala yanakusudia kueleza aina kuu za milia, jinsi zinavyosomwa, na kazi ambayo kila aina imeundiwa.

2. Asili yake

Wazo hili lilizaliwa Marekani. Mnamo mwaka wa 1948, huko Philadelphia, Bernard Silver alisikia kwamba mkuu wa kampuni moja ya maduka ya chakula alitaka njia ya kutambua bidhaa papo hapo wakati wa kulipa. Alimweleza mwenzake, Norman Joseph Woodland, ambaye alikuwa amejifunza alfabeti ya Morse. Akiwa ufukweni Miami, Woodland alichora nukta na vistari vya Morse mchangani, kisha akavivuta kwa vidole kuelekea chini, navyo vikawa mistari mirefu, myembamba na mipana. Wawili hao walipewa hataza tarehe 7 Oktoba 1952.

Hata hivyo, wazo lilitangulia vyombo vyake. Ilibidi kungoja mwanga wa leza na kompyuta za bei nafuu. Tarehe 3 Aprili 1973, wawakilishi wa biashara ya vyakula nchini Marekani walichagua mpango uliobuniwa na George Laurer wa kampuni ya IBM, uitwao UPC, wenye tarakimu 12. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya ubani wa kutafuna wa Wrigley's ilipitishwa mbele ya mashine na kulipiwa senti 67. Mwaka wa 1977 nchi 12 za Ulaya ziliunda shirika lao lililoleta EAN, yenye tarakimu 13. Tangu mwaka wa 2005 shirika hilo linaitwa GS1, na makao yake makuu yako Brussels.

3. Jinsi EAN-13 inavyoandikwa na kusomwa

EAN-13 ndiyo aina ionekanayo zaidi katika bidhaa za rejareja. Ina milia 30 myeusi, na upana wake wote umegawanywa katika sehemu 95 zilizo sawa. Sehemu 3 za mwanzo na 3 za mwisho ni mipaka, na 5 za katikati hutenganisha pande mbili. Kila upande una sehemu 42, yaani tarakimu 6 zenye sehemu 7 kila moja. Tarakimu moja huandikwa kwa milia miwili myeusi na nafasi mbili nyeupe. Weupe basi si utupu: nao ni maandishi. Vilevile pambizo nyeupe za kushoto na kulia si za kupuuzwa, kwani mashine isipozikuta haijui neno linaanzia wapi.

Msomaji makini atauliza: ikiwa kila upande una tarakimu 6, ile ya 13 iko wapi? Haina milia yake. Tarakimu za upande wa kushoto zaweza kuandikwa kwa namna mbili, na mpangilio wa namna hizo ndio uitambulishao tarakimu ya kwanza. Hali hii yafanana kidogo na toni katika Kiluba, ambayo hubeba maana ijapokuwa haina herufi yake katika maandishi ya kawaida.

Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Tuchukue namba ya kufundishia 620123456789. Tarakimu ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, na kuendelea hivyo hadi ya 12. Kisha matokeo hujumlishwa. Hapa jumla ni 107. Ili kufikia kumi kamili inayofuata, yaani 110, hupungua 3. Kwa hiyo namba kamili ni 6201234567893. Keshia akiiandika kwa mkono na kubadilishana mahali 2 na 3 zilizo katikati, jumla huwa 105, nayo ingedai tarakimu ya ukaguzi 5. Mashine huona mara moja kwamba pana kosa. Ukaguzi huu hugundua kila kosa la tarakimu moja, na mabadilishano mengi ya tarakimu zinazofuatana. Humponyoka tu yale ya tarakimu zinazopishana kwa 5, kama 1 na 6.

4. Aina nyingine na kazi zake

Aina za milia ni nyingi kwa sababu mahitaji ya biashara si mamoja. EAN-8, yenye tarakimu 8, hutumika juu ya vitu vidogo visivyo na nafasi ya EAN-13.

Kwa katoni kubwa za ghalani hutumika ITF-14. Asili yake ni mfumo wa mwaka wa 1972 uitwao »mbili kati ya tano«, ambamo tarakimu huenda jozi jozi: moja huandikwa kwa milia myeusi, na ya pili kwa nafasi nyeupe zilizo kati yake. Milia yake yaweza kupigwa chapa hata juu ya karatasi ngumu ya katoni, isiyopokea wino vizuri. Dosari yake ni kwamba mwanga ukiipita kwa mshazari, mashine yaweza kusoma kipande tu na kukidhania kuwa namba kamili. Ndiyo sababu huzungushiwa fremu nene nyeusi.

Mwaka wa 1972 vilevile ilitokea Codabar, iliyotumika sana katika maktaba na benki za damu. Code 39, ya mwaka wa 1974, iliongeza herufi: alama zake ni 43, yaani tarakimu, herufi kubwa 26, na alama 7 ikiwemo nafasi. Ilipendwa viwandani na jeshini Marekani, lakini hula nafasi kubwa.

Code 128 ilikuja mwaka wa 1981. Huandika alama zote 128 za mfumo wa ASCII, na tarakimu huzibana mbili mbili katika alama moja. Juu yake ilijengwa GS1-128, ambayo ina kitu kama sarufi: kila habari hutanguliwa na namba inayotaja aina yake. Namba 01 hutangulia utambulisho wa bidhaa, 10 toleo lake, na 17 tarehe ya mwisho wa matumizi. Hivyo 17 ikifuatwa na 260831 ni kusema: dawa hii isitumiwe baada ya tarehe 31 Agosti 2026. Ikigunduliwa kwamba toleo moja la dawa lina kasoro, mtunza ghala aliyesajili milia hii ataondoa katoni za toleo hilo peke yake. Asiyeisajili atalazimika kuondoa zote, au ataziacha zote. EAN-13 haiwezi kumsaidia katika jambo hili, kwa kuwa pakiti zote za bidhaa moja hubeba namba ile ile.

5. Yale ambayo milia haisemi

Yafuatayo yanatokana na hayo yaliyotangulia. Kwanza, EAN-13 ya kawaida haibebi bei. Mashine husoma namba, kisha kompyuta ya duka huitafuta katika orodha yake na kurudisha jina na bei. Bei ya rafuni ikipishana na ile ya kwenye risiti, kosa limo katika orodha ya duka au katika kibandiko cha rafu. Milia haina hatia.

Pili, tarakimu za mwanzo hutaja tawi la GS1 lililotoa namba, si mahali pa kiwanda. 600 na 601 ni za Afrika Kusini, 616 ya Kenya, 620 ya Tanzania, 300 hadi 379 za Ufaransa. Kampuni ya nchi jirani iliyosajiliwa Afrika Kusini itaanza na 600 hata kama mahindi yake yalilimwa na kusagwa kwao. Kinyume chake, kampuni ya Ufaransa yaweza kuagiza bidhaa kutoka Asia na kuipa namba ianzayo na 3. Namba 978 si ya nchi yoyote: ni ya vitabu. Atakaye kujua asili ya bidhaa na asome maneno ya kwenye lebo.

Tatu, mzalishaji mdogo asichague milia kama pambo. Milia myekundu juu ya karatasi nyeupe hupendeza macho, lakini mashine nyingi hutumia mwanga mwekundu, na kwa mwanga huo wekundu na weupe ni kitu kimoja. Bidhaa itarudishwa, na gharama ya kuchapa upya lebo itamwangukia yeye. Nyeusi juu ya nyeupe ndiyo salama.

6. Hitimisho

Siku hizi milia ina mshindani. Msimbo wa mraba uitwao QR, uliobuniwa Japani mwaka wa 1994, hubeba habari nyingi zaidi, na GS1 imekusudia kwamba kufikia mwisho wa mwaka wa 2027 mashine za madukani ziweze kuisoma misimbo ya namna hiyo pamoja na milia. Hata hivyo, namba iliyo ndani itakuwa na hadhi ile ile: ni jina la bidhaa. Jina humwezesha mwenye daftari kumtambua mtu kati ya wengi. Halisemi alizaliwa wapi, wala thamani yake ni kiasi gani. Mfanyabiashara atunze daftari lake, naye mnunuzi aigeuze pakiti na kusoma maneno.