Gauni la shati
Gauni la shati ni vazi la kike lenye kola na vifungo mbele kama shati. Nyumbani hushonwa kwa kufuata patani, yaani vipande vya karatasi vinavyowekwa juu ya kitambaa kabla ya kukata. Ebenezer Butterick wa Marekani alianza kuuza patani za saizi mbalimbali mwaka 1863.

Wengi hupoteza kitambaa kwa kufuata saizi ya nguo za dukani. Saizi ya patani ni nyingine: huchaguliwa kwa kupima kifua, kiuno na nyonga. Patani za Marekani kwa kawaida huwa na nafasi ya mshono ya sentimita 1.5, zile za jarida la Burda la Ujerumani hazina, na asiyeiongeza hupata gauni lisilomwingia. Pamba hufuliwa kabla ya kukatwa, kwa sababu husinyaa.