Mbona Anatembea?

Mwaka 1968 Susanne Koefoed, mwanafunzi wa usanifu kutoka Denmark, alichora kiti cha magurudumu kisichokaliwa na mtu. Karl Montan, Mswidi aliyeongoza kamati ya kimataifa iliyokuwa ikisaka alama moja ya kutumika dunia nzima, akakiongezea duara juu ili kiwe na kichwa. Mwaka 1969 alama ikapitishwa. Leo imepakwa kwenye lami za maegesho kuanzia Oslo hadi Dar es Salaam, nyeupe juu ya buluu, na hakuna dereva anayeweza kusema hajui maana yake.

Tatizo ni kwamba tumeuchukua mchoro tukaugeuza sheria. Mwulize mlinzi yeyote wa maegesho nafasi ile ni ya nani, atakujibu papo hapo: ya walemavu. Mwulize mlemavu ni yupi, ataangalia pale chini penye rangi. Mwenye kiti. Akijitahidi ataongeza mwenye magongo. Sasa akishuka kwenye kigari chake cha Vitz dada wa miaka thelathini, kavaa vizuri, hachechemei, mlinzi atamfuata: "Dada, hapa pa walemavu." Dada akisema ana matatizo ya moyo, atatazamwa kuanzia viatu hadi mtandio. "Mbona unatembea?"

Simlaumu sana mlinzi. Wanaouliza swali hilo wengi wao ni watu wema, tena wanadhani wanawatetea wenye haki. Lakini swali limekosewa, maana nafasi ile haikuwekwa kwa ajili ya mtu asiyetembea tu. Imewekwa pia kwa mtu ambaye mwendo wa kutoka kwenye gari hadi mlangoni unamgharimu kuliko unavyotugharimu sisi, na gharama hiyo mara nyingi hailipwi palepale mbele ya mashahidi.

Tuanze na moyo. Katika nchi zetu bado wako vijana wengi ambao vali za mioyo yao ziliharibika utotoni. Mtoto aliumwa koo, akapewa maji ya chumvi asukutue, koo likapona. Wiki chache baadaye kinga ya mwili wake, ikidhani bado inapambana na vijidudu, ikashambulia viungo na moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Miaka inapita bila dalili. Wasichana wengine hugundulika wakiwa wajawazito, mwili unapodai damu nyingi kuliko vali iliyosinyaa inavyoweza kupitisha. Akiwa ameketi huwezi kumjua. Mpe mita mia za jua la saa saba, uwanja wa lami usio na mti, kisha ngazi nane za kuingilia benki, halafu msikilize anavyohema akifika dirishani.

Au chukua sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Siku hizi wengi zaidi wanafika utu uzima, na utu uzima huo una madeni yake. Chembe nyekundu zilizopinda hunasa kwenye mishipa midogo, na mfupa usiofikiwa na damu hufa polepole. Sehemu inayoathirika sana ni kichwa cha mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga. Kijana wa miaka 22 anaweza kushuka garini saa tatu asubuhi akitembea kama wewe, akazunguka dukani, akasimama foleni, na saa tano akawa anarudi akijishikilia kwenye magari ya watu. Aliyemwona saa tatu hakumwona saa tano. Hapo ndipo jicho la mpita njia linaposhindwa kazi: linashuhudia kufika, halishuhudii kuondoka, wala halipo usiku mgonjwa anapomeza dawa za maumivu kwa sababu ya hatua alizopiga mchana.

Wengine ni wengi, sitawamaliza. Yuko mwenye mguu wa bandia ndani ya suruali iliyopigwa pasi. Yuko aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo, anayebeba mfuko wa kinyesi chini ya shati, ambaye umbali hadi chooni ni suala la heshima yake mbele za watu. Yuko mama wa mtoto mwenye usonji. Miguu ya mtoto huyo ni mizima, tena mizima mno: honi moja inatosha kumfanya achomoke mkononi na kukimbilia katikati ya magari.

Waingereza wamelihangaikia jambo hili kwa zaidi ya miaka hamsini, na njia waliyopita inafaa kutazamwa. Mbunge wa Manchester, Alf Morris, alizaliwa na baba aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa amepoteza jicho na mguu, na amevuta gesi ya sumu. Jicho na mguu kila jirani aliona vimekwenda. Mapafu aliyaona nani? Mwaka 1970 Morris alifanikiwa kupitisha bungeni sheria iliyowahusu wagonjwa wa muda mrefu pamoja na walemavu. Kutokana na sheria hiyo kadi ya maegesho ikaanza kutolewa mwaka 1971, ya rangi ya chungwa, ikabadilishwa kuwa ya buluu mwaka 2000 ili ilingane na za nchi nyingine za Ulaya. Hata hivyo kwa miaka mingi kipimo chake kikuu kilibaki kuwa miguu.

Tarehe 30 Agosti 2019, England ikapanua masharti. Kadi ikaanza kutolewa pia kwa mtu ambaye safari humtia dhiki kubwa ya akili, na kwa mtu ambaye kutembea kwake kunaweza kumletea yeye au wenzake madhara makubwa. Mtoto yule wa usonji akapata nafasi yake. Serikali yenyewe ilisema ni badiliko kubwa kuliko yote katika karibu miaka 50 ya kadi hiyo.

Kinachonivutia zaidi ni namna kadi ilivyotengenezwa. Ukiiweka kwenye dashibodi, upande unaoonekana nje una namba na tarehe ya mwisho wa matumizi. Jina na picha vimelala chini. Ugonjwa haukuandikwa popote. Polisi na maofisa wa maegesho wana mamlaka ya kuomba kuikagua. Mpita njia hana. Anayeitumia isivyo halali anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Tena kadi ni ya mtu, si ya gari: mwenye kadi akipanda la shemeji yake au teksi, anakwenda nayo. Kwa maneno mengine, kazi ya kuamua nani anastahili imeondolewa barabarani ikapelekwa ofisini, kwa mtu mwenye fomu na vyeti vya daktari mbele yake.

Hawajamaliza matatizo, bila shaka. Kadi zimeongezeka, nafasi kwenye lami hazikuongezeka kwa mwendo huo. Wezi huvunja vioo kuiba kadi kwa sababu zina soko. Na wapo wenye kadi halali kabisa wanaorudi kwenye magari yao wakakuta vikaratasi vya matusi kwenye kioo.

Asiyeamini kwamba mambo haya yanaweza kupimwa atazame Marekani. Kanuni za serikali yao kuu za mwaka 1991 zinamtambua mtu asiyeweza kutembea futi 200, kama mita 60, bila kusimama kupumzika. Zinamtambua mgonjwa wa mapafu kwa kiasi cha hewa anachoweza kupuliza kwa sekunde moja, na mgonjwa wa moyo kwa daraja la ugonjwa wake. Hakuna mahali panapouliza anaonekanaje akishuka.

Hapa lazima nimsemee mwenye kiti, maana katika kuwatetea wasioonekana yeye husahaulika. Nafasi ile haikufanywa pana kwa ajili ya mapambo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu ndiyo chanzo cha masharti ya kuacha kando ya nafasi hiyo ujia wa futi tano, mita moja na nusu, uliochorwa mistari ili pasiegeshwe kitu. Mlango lazima ufunguke wote, kiti kisogezwe ubavuni, mtu ajihamishe kwa mikono yake. Kwake upana una maana kuliko ukaribu. Mita mia mbili anaweza kuzisukuma. Asichoweza ni kutoka garini akiwa amebanwa, na kibaya zaidi ni kurudi na mifuko yake akakuta gari jingine limesimama sentimita arobaini kutoka mlangoni kwake. Mgonjwa wa moyo shida yake ni kinyume. Anataka ukaribu, na upana haumsaidii chochote. Tumewaweka watu hawa wawili kwenye kisanduku kimoja cha rangi, kisha tunashangaa wakigombana.

Ningepewa kopo la rangi na ruhusa, ningewatenganisha. Nafasi pana zenye ujia zibaki za viti. Kisha nafasi chache za kawaida zilizo karibu na mlango ziwe za wagonjwa, wazee na wajawazito. Ardhi ya ziada haihitajiki. Nafasi hizo zipo tayari, ila kwa sasa nyingi zimeandikwa "Mkurugenzi" na "Meneja".

Na tusidanganyane kuhusu wavamizi. Hofu ya kwamba tukiwakubali wasioonekana kila mtu atajidai mgonjwa ina msingi wake, lakini tazama nani anaegesha pale leo. Mlinzi anayemhoji dada wa Vitz ndiye huyohuyo anayekimbia kuondoa koni na kupiga saluti V8 ikiingia. Mheshimiwa haulizwi mbona anatembea. Dereva wake hubaki ndani ya gari, injini inanguruma, kiyoyozi kinapuliza, juu ya ule mchoro wa Koefoed. Macho tuliyoyapa kazi ya kutambua ulemavu yanafahamu zaidi bei ya magari.

Sheria zetu zenyewe hazikumwagiza mtu kutumia macho. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 260, inaufafanua ulemavu kwa upana unaojumuisha hali au ugonjwa wenye athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kila siku. Ugonjwa umetajwa humo waziwazi. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mwaka uliotangulia iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu hao, Kenya ikiwa imeuridhia mwaka 2008. Kwa karatasi, dada wa Vitz na kijana wa sikoseli wana pa kusimamia. Uwanjani wana mdomo wao tu.

Na mdomo huo ni mzito kufunguka. Kwetu ugonjwa ni siri ya ndani. Mama mwenye binti wa sikoseli hafichi kwa ujinga. Anajua posa zinavyopotea njiani habari zikienea mtaani. Kijana aliyeajiriwa juzi hataki bosi asikie habari za nyonga yake. Kumtaka mtu wa aina hiyo ajieleze kwa sauti mbele ya geti, foleni ya magari ikipiga honi nyuma yake, ni kumfukuza kwa adabu. Ndiyo maana ninaipenda ile picha iliyolazwa chini kwenye kadi ya Waingereza kuliko utepe wa alizeti ulioanza kugawiwa katika uwanja wa ndege wa Gatwick mwaka 2016, ambao mtu huuvaa shingoni kuwajulisha wahudumu kwamba ana ulemavu usioonekana. Utepe umewasaidia wengi, na anayeutaka auvae. Ila mtaani kwetu saa moja baadaye shangazi zako wote wangekuwa wamepiga simu.

Kadi pia ina kikwazo chake. Kenya ina Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, linaloandikisha watu baada ya kupimwa na daktari na kuwapa kadi. Lakini mgonjwa wa moyo wa miaka thelathini hajioni kuwa mlemavu. Ameshauzoea mchoro kama mlinzi alivyouzoea. Wapo wanaoipita ile nafasi ya buluu ikiwa tupu wakaenda kuegesha mwisho wa uwanja, kwa aibu ya kukalia kisicho chao.

Halafu kuna wale ambao makala nzima ya maegesho haijawagusa, nao ndio wengi: wasio na gari. Mgonjwa wa vali anayetoka Mbagala au Tandale hafiki na Vitz. Anafika na bajaji, na bajaji katika majengo mengi ya ofisi na maduka makubwa huishia getini. Anashushwa nje, analipa nauli, kisha anaukata uwanja wote kwa miguu, akizipita nafasi za wakurugenzi na zile za buluu, hadi mlangoni. Ndizo zilezile mita mia. Hapo haihitajiki sheria mpya, wala rangi, wala kadi. Meneja wa jengo anaweza kulimaliza kesho asubuhi kwa kumwambia mlinzi wa geti kwamba abiria akisema anaumwa, bajaji iingie impeleke hadi ngazini, na asiulizwe anaumwa nini.