Je, Kuna Uchawi Ndani ya Kompyuta?

Usiku mmoja wa mwezi wa Rajabu dada yangu alinipigia simu hali sauti yake yatetemeka. Akaniambia, "Kaka, njoo hima. Mpwa wako yumo chumbani, mlango ameufunga, na nimemsikia kwa masikio yangu haya mawili akisema: 'Ngoja nimfufue, ila nguvu zangu zimekwisha.' Yuwamfufua nani? Na nguvu gani hizo?"

Nilivaa kanzu yangu nikatoka Kuze hadi Kibokoni kwa miguu. Nilimkuta dada amekaa kwenye ngazi, mtandio umemwanguka mabegani, tasbihi mkononi. Nikabisha mlango, na kijana akafungua mara moja, akasema, "Shikamoo mjomba," wala hakuonyesha dalili ya mtu aliyefumaniwa. Masikioni amevaa vipaza sauti, na mbele yake kompyuta ya marehemu baba yake, ile aliyokuwa akifanyia hesabu za mizigo ya Kilindini. Katika kioo nikaona dubu mkubwa mwenye pembe amesimama juu ya maiti ya mtu.

"Huyu ndiye uliyekuwa ukimfufua?" nikamwuliza.

"Ndiye, mjomba. Ni binamu yetu wa Maskati. Ameuawa na yule pale."

Dada aliposikia hivyo alipiga ukelele. Tulimpigia simu binamu wa Maskati, akaitika mzima buheri wa afya, akitafuna kitu. Lakini dada hakutulia. Alikata shauri kwamba kompyuta ile itauzwa kabla ya Ijumaa, na mnunuzi alikwisha mpata. Mimi nilijua kwamba kitu kile ndicho pekee kilichobaki cha mkono wa shemeji yangu katika nyumba ile, na kwamba siku kitakapotolewa mlangoni, mama na mwana hawatasikizana tena kwa muda mrefu. Nikamwomba anipe mwezi mmoja. Nikasema, "Nitaingia mwenyewe humo ndani nikatazame. Nikikuta sihiri, nitakuja na mkokoteni mimi."

Basi, wasomaji wapenzi, ndivyo mtu wa miaka hamsini na ushei, aliyehitimu chuoni kwa bakora na ambaye hata karata hakuzijua, alivyojikuta mwanafunzi wa kijana wa miaka kumi na tisa.

Mchezo wenyewe waitwa World of Warcraft. Uliundwa na kampuni ya Blizzard Entertainment ya California, ukafunguliwa Marekani mwezi wa Novemba 2004, na kufikia mwaka 2010 waliokuwa wakiulipia kila mwezi walipita milioni 12. Mpwa wangu acheza lile toleo la kale, lililofunguliwa upya Agosti 2019 kwa ajili ya wale walioutamani mchezo kama ulivyokuwa mwanzo. Watu wa nchi mbalimbali huingia humo kwa wakati mmoja kupitia intaneti, kila mmoja na umbo lake, wakasafiri, wakapigana, wakafanya biashara. Sisi wa pwani hatukuweza kuonja mambo haya ipasavyo mpaka mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa, mmoja wao ukitokea Fujairah.

Asili yake si ya kompyuta. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha mchezo wa karatasi na dadu uitwao Dungeons & Dragons. Humo mlikuwa na fani tatu: mpiganaji, mchawi, na kasisi aliyeweza kupigana na pia kuponya. Huyo wa tatu ndiye babu wa fani zote za mseto. Mwaka 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle, wakaanzisha mchezo wa kompyuta ambao watu wengi waliweza kuingia pamoja, wote kwa maandishi matupu. Haya ya leo ni matunda ya mti huo.

Mpwa wangu alinishauri nishike fani yake, ya druidi. Druidi wa kweli walikuwa makuhani wa Wakelti, katika Ufaransa na Uingereza za kale, na Julius Caesar aliandika habari zao. Druidi wa mchezo ni mganga wa mseto: arusha moto wa mwezi kwa mbali, aponya majeraha, tena ageuka mnyama. Katika toleo hilo la kale makabila mawili tu yaweza kushika fani hiyo, nami nikachagua lile la watu wenye vichwa vya ng'ombe, waanzao safari yao katika mbuga za Mulgore.

Kupanda daraja si kazi ya haraka. Kutoka daraja la 1 hadi la 2 yatakiwa alama 400 tu, nazo hupatikana kabla chai haijapoa. Lakini kutoka la 59 hadi la 60, ambalo ndilo kikomo, yatakiwa alama 209,800. Nilimwambia kijana kwamba sisi tulipanda hivyo hivyo: kutoka alifu kwa ujiti hadi juzuu ya Amma, na mbele ya Amma njia ikazidi kurefuka. Akacheka, akasema, "Lakini mjomba, huku hakuna bakora." Nikamwambia asubiri.

Hakika bakora ilikuwapo. Madaraja tisa ya mwanzo druidi hana umbo jingine. Husimama mbali akarusha, na kila arushapo hutumia nguvu iitwayo mana. Neno hilo ni la visiwa vya Pasifiki, na Wazungu walilijua zaidi kwa kitabu cha mmishonari Codrington kilichotoka mwaka 1891. Mana ikikwisha, mganga ni kama mvuvi asiye na nyavu: huketi chini akanywa maji mpaka ijae. Nami niliketi mno. Kwenye daraja la 10 hupewa safari ya kwenda Moonglade, akirudi aweza kuwa dubu. Dubu ana ngozi ngumu wala hafi upesi, lakini naye haui upesi. Madaraja kumi hayo, toka la 10 hadi la 20, ndipo wengi huitupa fani hii wakachukua nyingine.

Hapo ndipo kijana aliponifunulia daftari lake. Nilidhani nitaona hirizi au tarakimu za falaki. Nikaona hesabu: kila tamko lagharimu mana kiasi gani, laponya kiasi gani, lachukua muda gani. Akanifundisha hivi. Kwanza mfunge adui kwa mizizi, nayo hufunga nje tu, si ndani ya pango. Mpige kwa mbali. Akikufikia, geuka dubu. Mana hurudi vizuri zaidi ukikaa sekunde 5 bila kutamka lolote, na hurudi hata ukiwa mnyama, kwa hivyo unapopigana kwa kucha kisima chajaa nyuma yako. Ukiumia, rudi umbo lako, jiponye, geuka tena. Lakini kugeuka nako kuna bei yake. Mwenye kutumia mana yote kwa kurusha hubaki katika umbo dhaifu, adui yuko usoni, na mlango wa kugeuka umefungwa.

"Siri ya mseto, mjomba," akaniambia, "ni akiba. Kila wakati bakisha ya kujiponya mara moja na ya kugeuka mara moja."

Nilikaa nikamtazama kijana yule ambaye mamake amwona hana hesabu ya maisha.

Kuna jambo la pili. Kuanzia daraja la 10, kila upandapo hupewa pointi moja ya kuongezea ujuzi, na ukifika la 60 utakuwa nazo 51. Matawi ni matatu: la kurusha, la unyama, na la uponyaji. Ujuzi mkuu wa kila tawi wahitaji pointi 31. Kwa hivyo mwenye kugawanya sawa kwa matatu, 17 kila tawi, hafiki kilele popote. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, na wajuzi wa mchezo wasema hivyo hivyo kwa lugha yao: shika tawi moja liwe shina, mengine yawe matandazo. Anayepanda daraja peke yake hushika unyama, kwa sababu kucha hazinywi mana. Na akitakiwa kuponya wenzake katika kundi la watu 5, madaraja ya chini huweza bila hata pointi moja ya uponyaji, mradi amebeba mavazi mengine yanayoongeza mana. Nguo za dubu na nguo za mganga si moja.

Na kule kufufua? Druidi hufundishwa kwenye daraja la 20. Humwinua mwenzake aliyeanguka katikati ya vita, kwa kutumia mbegu moja, kisha hungoja dakika 30 kabla ya kuweza tena. Nilimweleza dada. Akasema, "Kwa hivyo wamefanya kufufua kuwa duka la mbegu." Sikuwa na jibu.

Maana swali lake halikuwa la kijinga. Kiswahili chetu kina maneno mbalimbali hapa, na kila moja lina mizani yake. Kuna uchawi na sihiri, ambazo dini imezikataza, na habari zake zimo katika Suratul Baqara. Kuna uganga, mwingine wa mizizi na dawa, mwingine wa kupunga. Na kuna mazingaombwe, ya kufurahisha watoto. Nilichokiona katika kioo kile ni hekaya yenye mazingaombwe, sawa na majini wa Alfu Lela Ulela ambao nyanya zetu walitusimulia na asubuhi wakasali. Hakuna anayeapa wala anayeombwa. Lakini mimi si mufti, nikaenda kwa mwalimu wangu wa chuoni, sasa mzee sana, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha hakuniuliza habari ya dubu wala ya kufufua. Aliniuliza, "Yachukua saa ngapi?" Akanitajia Suratul Asri, akanyamaza.

Nami niliona haya, kwa sababu ya jambo ambalo sasa nitawaambia. Juma lililotangulia nilikuwa daraja la 19, na daraja la 20 ndilo la kugeuka simba. Naam, kwa kabila langu lile umbo la mnyama mwepesi ni simba, anyataye bila kuonekana. Nikamwambia kijana aende akalale, mimi namalizia kidogo. Saa sita ikapita, saa saba, saa nane. Saa tisa kasorobo nikawa simba. Niliporudi nyumbani nikajinyoosha kidogo tu, nilipofumbua macho jua limo dirishani na Alfajiri imenipita. Miaka mingi sikuwahi kupitwa hivyo nikiwa mzima. Na mchezo wenyewe ulikwisha nionya: ukimwacha mtu wako apumzike katika nyumba ya wageni, kesho yake kila adui humlipa alama maradufu. Walioutengeneza wenyewe wamemlipa aliyelala, nami nikakesha.

Nilikwenda kwa dada nikamkiri. Nilitazamia atasema, "Sasa umeona," na kweli alisema. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu usiku ule, akasema, "Ikiwa imekushinda wewe, mwanangu atafanyaje?"

Hukumu yetu ilikuwa hii. Kompyuta haiuzwi. Lakini imetolewa chumbani, imewekwa ukumbini penye macho ya watu. Huwashwa baada ya Isha, huzimwa saa nne, na usiku wa kuamkia Ijumaa haiwashwi. Ada ya mwezi, karibu dola 15 kwa bei ya Marekani, kijana ataitafuta mwenyewe. Sasa awafundisha watoto watatu wa jirani hesabu jioni. Dada angali amsomea kichwani kabla hajalala, na kijana ainamisha kichwa bila ubishi. Nami naingia Jumamosi, saa moja tu. Niko daraja la 22.

Jumamosi iliyopita tulikuwa wanne: kijana, mimi, binamu wa Maskati na rafiki yake. Nilianguka. Nikasikia nyuma yangu mlio wa tasbihi ukikoma, na sauti ya dada ikisema, "Mfufue basi mjomba wako, wangoja nini?"

Ubeti huu nilimwandikia kijana katika daftari lake, chini ya hesabu zake:

Mwanangu cheza kwa zamu, wakati usikutoke,
Umri kama kalamu, hwisha kila uandike,
Ikisimama kaumu, nawe safuni ufike,
Mchezo si kwamba sumu, ni kipimo ukishike.