Nguo Ziachwe Wapi? Kabati la Kufuli kwa Ufukwe wa Matema

Kila kundi linalokwenda kuoga Matema, ufukwe wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, huwa na mtu mmoja asiyeingia majini. Mara nyingi ni mama, au dada mkubwa. Yeye hubaki mchangani na rundo la nguo, viatu, simu na pochi za wenzake, akilinda hadi jua linapoelekea kuzama. Tumeshazoea hali hiyo kiasi kwamba hatuihesabu kuwa kasoro. Mimi kazi yangu ni kusanifu samani za majengo ya umma, na naiona kuwa kasoro ya usanifu. Dawa yake ni kabati la kufuli, na linaweza kutengenezwa hapa hapa Ipinda, ambako barabara ya kutoka Kikusya hupita kuelekea Matema. Watalitengeneza mafundi wa kuchomelea, kwa shiti na bawaba zile zile wanazotengenezea mageti.

Ninachosema kuhusu ufukwe kinafaa pia kwa chumba cha wauguzi hospitalini, kwa wapakuaji wa mizigo katika bandari za Itungi na Kiwira, na kwa wanaochachusha na kuanika kakao. Popote watu wanapovua nguo moja ili wavae nyingine, maswali ni yale yale matatu: nguo zitakauka? Nafasi itatosha? Mwizi atashindwa? Wengi wanaoagiza makabati huanza na swali la mwisho. Kwa hali ya hewa ya Kyela, kuanza hivyo ni kupoteza fedha.

Anza na nguo mbichi

Kyela ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hizo hushamiri Aprili. Pasaka nayo huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25. Kwa hiyo mojawapo ya siku ambazo ufukwe unajaa wageni huja wakati ambao hewa ina unyevu kuliko wakati wowote. Wageni watafika wameloa, watavua nguo zilizoloa, watazifungia ndani, na wakitoka ziwani watazikuta zinanuka. Kabati lililozibwa kila upande, hata likiwa la chuma kinene, litaota ukungu kabla halijapata mwizi.

Hewa yenye joto hupanda. Kila kisanduku kiwe na matundu chini ya mlango na mengine juu yake, hewa iingie kwa chini na kutokea juu. Tundu lisizidi milimita 8 kwa upana, kwa sababu likizidi hapo mtu mwenye waya uliokunjwa ncha anaweza kuvuta khanga au mkanda wa begi. Kabati lisigusane na ukuta. Liachwe mbele ya ukuta kwa sentimita 5, na nyuma ya kila sakafu ya kisanduku ubaki mwanya wa sentimita 1. Miachano hiyo miwili hupitisha hewa kutoka chini hadi juu ya safu nzima bila feni wala umeme.

Mwanya huo una kazi ya pili. Sakafu ya kisanduku ikiwa bapa, maji ya chupi ya kuogelea ya aliye juu yatatafuta pa kupenya na kudondokea shati safi la aliye chini. Sakafu ikiinamishwa kidogo kuelekea nyuma, sentimita 1 tu, maji yatachuruzika kwenye mwanya na kushuka hadi kwenye mfereji sakafuni. Ndani pawekwe kulabu mbili za pembeni, taulo lining'inie na kukauka badala ya kulala juu ya viatu.

Wachimbaji walivyotatua tatizo hili

Waliofikiria jambo hili kwa undani kuliko wote ni wachimbaji wa makaa ya mawe. Sisi wa ukanda huu tuna mgodi jirani, Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1980, na tunajua mtu anayetoka shimoni anatoka na nini mwilini. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1926 iliweka tozo kwenye mrabaha wa makaa ili mfuko wa ustawi wa wachimbaji ujenge mabafu migodini. Katika mabafu hayo kila mchimbaji alipewa makabati mawili katika vyumba viwili tofauti: moja la nguo za nyumbani, moja la nguo za kazi. Aliacha nguo chafu upande mmoja, akapita bafuni, akavaa nguo safi upande wa pili. Hewa ya moto ilipitishwa ndani ya makabati ili nguo za kazi ziwe zimekauka kabla ya zamu inayofuata.

Katika migodi ya bonde la Ruhr, Ujerumani, walipata jibu jingine. Kila mchimbaji alikuwa na kikapu chenye kulabu, kimefungwa kwenye mnyororo uliopita juu ya kapi darini. Alitundika nguo, akavuta mnyororo, kikapu kikapanda hadi chini ya paa, kisha akaufunga mnyororo kwa kufuli kwenye reli ya ukutani. Maelfu ya nguo zilining'inia huko juu, kwenye joto, ambako hakuna mkono unaofika, na sakafu nzima ikabaki kwa watu. Bafu la mgodi wa Zollverein mjini Essen, lililotumia mfumo huo, leo ni nyumba ya sanaa ya densi.

Simshauri mtu wa Matema atundike vikapu darini, maana banda la ufukweni halina kimo hicho. Ninachokichukua kutoka Ruhr ni kanuni mbili: nafasi iliyo juu ya vichwa vyetu haitumiki, na nguo ikipata hewa haihitaji kulindwa dhidi ya uvundo. Kutoka Uingereza nachukua ya tatu, kwamba nguo chafu na safi zisilale pamoja. Muuguzi au mfanyakazi wa kakao apewe visanduku viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa. Hata Mkataba Namba 120 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unaohusu usafi katika biashara na ofisi, unataka wafanyakazi wawe na mahali pa kubadilishia, kuachia na kukaushia nguo. Hilo la kukausha ndilo husahaulika zaidi.

Hesabu ya ukuta mmoja

Tuchukue banda lenye ukuta wa mita 6. Ukiweka makabati marefu ya mtu mmoja mmoja, kila moja na upana wa sentimita 37 hivi, utapata watu 16. Ukigawa kila moja mara mbili kwenda juu, utapata 32. Ukigawa mara nne, utapata 64, bila kuongeza hata hatua moja ya sakafu.

Kwa nini basi watu bado hununua yale marefu? Kwa sababu ya nguo za kutundika: suti, kanzu, joho la kwaya, gauni la muuguzi. Hanga la mtu mzima lina upana wa sentimita 40 hadi 45, hivyo kabati la kutundikia lazima liwe na kina cha sentimita 50, la sivyo mlango utagonga hanga. Kwa mahali kama hospitali kuna muundo wa kati, wenye milango miwili ya umbo la herufi L inayokumbatiana. Kila mtu hupata sehemu nyembamba ndefu ya kutundikia na sehemu pana fupi ya mkoba na viatu, na watu wawili hukaa kwenye upana wa sentimita 40 hivi. Milango hiyo ni kazi ngumu kuichomelea na kuinyoosha, kwa hiyo iagizwe pale tu inapohitajika.

Mgeni wa ufukweni haji na suti. Anakuja na kitenge, suruali, ndala, begi na simu. Kisanduku chenye kimo cha sentimita 44, upana wa 36 na kina cha 45 kinamtosha.

Vipimo hivyo vimetoka kwenye shiti yenyewe. Shiti ya futi 4 kwa 8 ni sentimita 122 kwa 244. Mlango wa sentimita 44 kwa 36, ukiongezewa sentimita 2 za kukunja kila upande, unakuwa bapa la 48 kwa 40. Milango mitano kwa urefu ni 240. Mitatu kwa upana ni 120. Shiti moja inatoa milango 15 na mabaki ni ukanda mwembamba wa kuachia msumeno. Ukiupunguza mlango uwe na upana wa sentimita 32, shiti itaendelea kutoa milango mitatu tu kwa upana, na sentimita 14 zitatupwa. Fundi anayechora kwanza kwenye shiti na baadaye kwenye kabati humwokolea mteja fedha nyingi.

Safu ya nne itafika karibu mita 2 kutoka sakafuni pamoja na tako la kabati. Watoto hawafiki huko, na anayetumia kiti cha magurudumu hafiki hata safu ya tatu kwa raha. Safu ya pili kutoka chini ihifadhiwe kwa ajili yao na ipakwe rangi tofauti. Njia mbele ya kabati iwe na angalau sentimita 120, ili aliyefungua mlango asimzuie anayepita. Paa la kabati liinamishwe kuelekea mbele, kwa sababu paa bapa hugeuka ghala la chupa, vumbi na ndala zisizo na mwenyewe.

Mwizi huanza ukingoni

Watu hudhani usalama uko kwenye unene wa chuma. Mwizi wa kabati hatoboi chuma. Anachukua bisibisi kubwa, anatafuta upenyo kati ya mlango na fremu, anaingiza ncha na kubinua. Shiti ya milimita 1.2 yenye kingo zilizokunjwa mara mbili humshinda kuliko shiti nene iliyokatwa na kuachwa wazi.

Kwa hiyo mlango uzame ndani ya fremu, uso wake ulingane na uso wa fremu, na upenyo usizidi milimita 2. Nyuma ya upenyo huo fremu iwe na ulimi wa sentimita 1.5 kuzunguka pande zote, ili ncha ya bisibisi ikipenya igote kwenye chuma. Upande wa bawaba uchomelewe kipande kidogo cha flatibaa ndani ya mlango, kinachoingia nyuma ya fremu mlango unapofungwa. Hata bawaba zikikatwa, upande huo hautafunguka.

Sikio la kufuli liwe la flatibaa ya milimita 4, lichomelewe pande zote mbili. Kabati zima lifungwe ukutani kwa boliti na safu zifungwe zenyewe kwa zenyewe. Hilo huzuia wizi wa kabati lote, na huzuia pia ajali, kwa sababu mtoto akipanda mlango uliofunguka kabati lisilofungwa litamwangukia.

Kufuli liwe la mtumiaji mwenyewe. Funguo za banda hupotea, huchongwa nakala, na mwisho hakuna anayejua nani anafungua nini. Mtu akija na kufuli lake, au akikodishiwa langoni kwa dhamana, ufunguo ni mmoja na uko mkononi mwake. Ubaoni paandikwe saa ya kufunga, na kwamba kufuli litakaloachwa usiku litakatwa mbele ya mashahidi wawili na vitu kuandikwa kwenye daftari. Kufuli za kielektroniki zina faida yake mahali penye umeme wa uhakika na fundi wa karibu, lakini unyevu na mchanga ni maadui zake, na umeme ukikatika jioni watu watabaki na chupi za kuogelea.

Juu ya yote hayo, makabati yakae mahali ambapo mlinzi au muuza tiketi anayaona, na vyumba vya kubadilishia nguo viwe kando, mahali asipoona mtu. Wengi huyaweka makabati ndani ya chumba cha kubadilishia. Hapo ndipo mwizi hupata faragha.

Chuma, zinki na mapafu ya fundi

Ziwa Nyasa ni maji baridi. Hiyo ni bahati kubwa, kwa sababu chumvi inayokula chuma Bagamoyo au Nungwi hapa haipo. Shiti yenye zinki na rangi nzuri inatosha. Tatizo ni kwamba kila mahali paliposhikwa na moto wa kuchomelea zinki huungua, na kutu huanzia hapo. Kila kiungo kisuguliwe, kipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu.

Moshi mweupe wa zinki inayoungua humpa fundi homa, kutetemeka na kifua kubana usiku wa siku hiyo. Maziwa, ambayo mafundi wengi hunywa kama kinga, hayaondoi moshi kifuani. Kinga ni kusugua zinki pale panapochomelewa, kufanya kazi nje penye upepo, na kuvaa barakoa ya kazi hiyo. Mteja anayelipia kabati ana wajibu wa kuuliza hilo.

Tako la kabati liwe la zege, kimo chake kisipungue sentimita 15. Katika maeneo ya bondeni yanayofikiwa na mafuriko ya mito ya Kiwira, Mbaka au Lufilyo, tazama alama ya maji kwenye kuta za jirani na upandishe tako juu yake.

Omba sampuli kabla ya kulipa

Kamati ya ufukwe, shule au zahanati inayotaka kuagiza isilipie makabati yote kwa mchoro. Iombe safu moja ya visanduku vinne, kwa vipimo kamili, na iifanyie majaribio matatu mbele ya fundi. Kwanza, taulo lililoloa lifungiwe kisanduku cha juu usiku kucha. Asubuhi cha chini kikutwe kikavu, na taulo lisiwe na harufu. Pili, mtu mwenye nguvu apewe bisibisi na dakika tano. Tatu, mtoto wa darasa la tatu na mzee mwenye mkongojo kila mmoja afungue na kufunga safu yake bila msaada. Kilichoshindwa kirekebishwe kwenye safu hiyo moja, kisha vipimo vilivyorekebishwa viandikwe kwenye mkataba, namba kwa namba. Fundi mzuri hatachukia masharti hayo, kwa sababu yanamlinda yeye pia, na wale waliokuwa wakikaa mchangani kulinda nguo za wenzao wataingia majini pamoja na wengine.