Mlima hauna ghorofa ya pili

GUANGZHOU. Mwanangu alikuwa na shughuli zake za kununua bidhaa, mie nikamchukua mjukuu wangu tukaupanda mlima Baiyun, uliomo humu humu jijini. Kilele chake ni mita 382 tu, lakini ni kijani chini mpaka juu. Mvua ya hapa hupita milimita 1,600 kwa mwaka.

Mjukuu akaniuliza, "Babu, Jabal Shams kwetu ni mrefu zaidi, mbona hauna msitu?"

Ualimu haustaafu. Tukakaa kivulini, nikamweleza.

Jabal Shams unakaribia mita 3,000, na umezungukwa na jangwa na bahari. Mvua yake haifiki hata robo ya hii. Lakini kule juu kuna ubaridi, na ubaridi huo ni kama kisiwa, mfano wa Unguja katikati ya maji. Kuanzia kama mita 2,000 huota alalan, mti wa jamii ya mtarakwa. Ndugu zake wako ng'ambo, Iran na Pakistani. Kwenye magenge anaishi tahri, mbuzi mwitu asiyepatikana popote duniani ila milima ya Oman na Imarati.

Sasa, wa kisiwani hana pa kukimbilia. Joto likizidi, alalan wa chini hukauka, wanabaki wa juu. Na wa juu wakikauka? Mlima hauna ghorofa ya pili. Tahri naye anagombania majani na maji na mbuzi wetu wa kufuga.

"Kosa la nani?" akauliza.

Nikamwambia, na sisi tumo. Karne ya 9 na ya 10, milimani nyuma ya Sohar iliyeyushwa shaba nyingi, kwa moto wa miti ya huko huko. Bandari hiyo ilifanya biashara na mji huu, Waarabu wakiuita Khanfu. Kwa kukumbuka safari zile, jahazi liitwalo Sohar lilitoka Oman mwaka 1980 likafika hapa 1981. Jahazi tunalikumbuka, miti iliyoungua nani anaikumbuka?

Ndugu wasomaji, majira ya baridi familia zetu hupanda Jabal Akhdar kuchoma mishkaki. Chukueni mkaa kutoka nyumbani. Msivunje tawi la alalan, hata likiwa kavu. Mti ule hukua polepole mno. Mnaoukuta leo ulikuwapo kabla ya babu zenu.