Moodle ni ya bure, ila bando unalipa wewe

Vijana kadhaa hapa Tarime wananiuliza: ukisoma chuo kwa mtandao ukiwa huku kwetu inakuwaje, na hiyo Moodle wanayoisikia ni kitu gani? Najibu hapa ili na walioko Sirari, Nyamongo na Mugumu wapate.

Moodle ni programu ambayo chuo kinaiweka kwenye seva. Mwalimu anapandisha notsi, anatoa mazoezi na kupokea kazi zenu humo humo. Programu za aina hii ziko nyingi, na soko lake ni vita kweli kweli.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wababe walikuwa WebCT ya Canada na Blackboard ya Marekani. Mwaka 2006 Blackboard ikaimeza WebCT, na 2009 ikaimeza ANGEL. Vyuo vikajikuta vinalipa leseni kwa muuzaji ambaye havikumchagua! Wengi wakaigeukia Moodle, iliyotolewa 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Haina ada ya leseni, na fundi yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuibadilisha. Mwaka 2011 ikaja Canvas, ikaipokonya Blackboard wateja wengi huko Marekani. Mwaka 2021 Blackboard iliungana na kampuni ya Anthology, na 2025 Anthology ikaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake.

Sisi je? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipita njia hiyo hiyo: WebCT, Blackboard, halafu Moodle. Chuo Kikuu Huria nacho kiko kwenye Moodle. Hesabu yake ni rahisi: leseni inadaiwa kwa dola, ada inakusanywa kwa shilingi.

Ila tusidanganyane, cha bure hapo ni leseni tu. Seva, umeme, mafundi na semina za walimu vyote vinataka hela. Chuo kisipotenga fungu, mfumo unageuka kabati la kutunzia notsi, basi. Na gharama nyingine inahamia kwako. Video ya somo la saa moja inaweza kula MB mia kadhaa, na hilo bando hakuna wa kukununulia.

Nafuu ipo. Moodle ina programu ya simu ambayo unaweza kupakulia notsi ukiwa hapo kafe penye mtandao, ukasome nyumbani bila bando. Hata baadhi ya kazi unaziandika bila mtandao, zinaenda ukishaunganisha. Lakini chuo lazima kiwe kimeifungulia njia kwenye seva yake.

Kwa hiyo kabla hujalipa ada, uliza haya:

1. Mfumo wenu unafunguka kwenye programu ya simu?
2. Masomo yako kwa maandishi, au ni video tupu?
3. Nikikwama usiku, fundi gani anapokea simu?
4. Mtihani nafanyia wapi? Kituo cha Chuo Kikuu Huria kwa mkoa wa Mara kiko Musoma. Kwa mtu wa Mugumu, nauli na mahali pa kulala ni sehemu ya ada.

Ukipewa majibu ya kuzunguka zunguka, shika hela yako kwanza. Jina la programu halitakufaulisha kama haifunguki kwenye simu yako.

Mlioanza kusoma kwa njia hii, tuambieni hapo chini: kwa wiki bando linakula shilingi ngapi? Nawasilisha.