Siri ya Mgonjwa ni Amana: Kinga ya VVU Huanzia Mlangoni mwa Kliniki

Mama mmoja wa mwambao alitukaribisha nyumbani kwake baada ya swala ya Alasiri, akatutandikia mkeka barazani, kisha akawatuma wanawe wawili dukani ili tupate faragha ya kuzungumza. Mkubwa yuko darasa la tatu na jioni huenda madrasa. Mdogo bado hajaanza shule. Wote ni wachangamfu, na mtu akiwatazama hawezi kuiona tofauti iliyopo baina yao. Tofauti yenyewe ni hii: mkubwa anaishi na virusi vya UKIMWI, na humeza dawa kila siku, mdogo hana VVU.

Wamezaliwa na mama mmoja, na dawa za kumkinga mtoto zilikuwapo nchini katika mimba zote mbili. Tuliyataka masimulizi yake kwa sababu tulitaka kujua ni kitu gani kilichowatenganisha watoto hawa.

Katika mimba ya kwanza alihudhuria kliniki ya wajawazito kama wenzake, akapimwa. Mhudumu aliyempa majibu hakufunga mlango. Alipomaliza alitoka nje na kumnong'oneza mwenzake mbele ya benchi la wanawake waliokuwa wakisubiri zamu zao. "Sikusikia alichosema," alitueleza mama huyo, "lakini niliona macho yote yakinigeukia. Kabla ya Magharibi wifi yangu alikuwa ameshanijia kuniuliza." Hakurudi tena kliniki. Alijifungulia nyumbani, akamnyonyesha mtoto bila kinga yoyote, na mtoto akawa wa kuuguaugua.

Mimba ya pili ilimkuta amehamia mtaa mwingine. Muuguzi mkunga wa zahanati ya huko, mwanamke wa makamo, alifunga mlango, akavuta pazia, akaketi karibu naye na kumwambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, tutakayozungumza humu yatabaki humu. Ukitaka mumeo ajue, tutamweleza pamoja, siku utakayokuwa tayari." Alianza dawa siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata muuguzi akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Na huyu mkubwa, je, alishapimwa?" Ndivyo yule wa kwanza naye alivyopata tiba.

Wasomaji wetu wapendwa, tunaposikia kwamba wahudumu wa afya wanapelekwa mafunzoni kujifunza kinga ya VVU, wengi wetu hudhani ni habari za madaktari na vitabu vyao, zisizotuhusu sisi wenye familia. Kisa cha mama huyu kinatuonyesha kwamba zinatuhusu sana.

Tuanze na hali ya tiba yenyewe. Tanzania iliripoti wagonjwa wake watatu wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1983, mkoani Kagera. Miaka ile, mama mwenye VVU aliyepata mimba hakuwa na la kufanya ila kumwomba Mwenyezi Mungu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba pasipo kinga yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na akina mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa. Mwaka 1999 utafiti uliofanyika Kampala, katika hospitali ya Mulago, ulionyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama wakati wa uchungu, pamoja na matone kwa mtoto mchanga, vilipunguza maambukizi kwa karibu nusu. Leo, mama anayemeza dawa zake sawasawa tangu mapema anaweza kuiteremsha hatari hiyo hadi chini ya asilimia 5.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale Malawi, mwaka 2011, ilipoamua kwamba kila mjamzito mwenye VVU aanzishiwe dawa za maisha papo hapo, bila kusubiri kipimo cha kinga ya mwili kutoka maabara ya mbali. Tanzania iliufuata utaratibu huo mwaka 2013. Uamuzi huo uliitoa kazi mikononi mwa daktari wa hospitali kubwa na kuikabidhi kwa muuguzi wa zahanati ya kijijini. Tangu hapo, kinga ya mtoto imetegemea ujuzi wa muuguzi huyo, na ujuzi haupatikani ila kwa kufundishwa.

Hufundishwa nini? Sehemu ya kwanza ni ya kitaalamu. Mhudumu hujifunza kumpima mjamzito katika hudhurio la kwanza, na kumwita mume wapimwe pamoja. Hujifunza kwamba aliyekutwa hana VVU leo hupimwa tena baadaye, kwa kuwa mtu anaweza kuambukizwa akiwa mjamzito au akiwa ananyonyesha, na virusi vipya ndivyo vyenye nguvu zaidi ya kumfikia mtoto. Hujifunza kumpa mtoto dawa ya maji tangu anapozaliwa, na kumchukua matone ya damu kisiginoni akiwa na wiki 4 hadi 6, yakakaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara. Hujifunza pia kwamba jibu hilo si la mwisho: mtoto hupimwa tena mpaka anyonyeshwaji unapokwisha.

Katika unyonyeshaji ndipo familia nyingi hukosea kwa nia njema. Bibi huambiwa maziwa ya mama yana hatari, akamkorogea mjukuu uji akiwa na mwezi mmoja. Mafunzo ya leo yanasema kinyume chake. Mama aliye katika dawa na anayezimeza bila kukosa humnyonyesha mtoto maziwa yake peke yake kwa miezi 6, bila maji wala uji. Kisha humwanzishia chakula huku akiendelea kunyonyesha mpaka mwaka mmoja, na anaweza kufika miaka miwili au zaidi. Kuchanganya maziwa na vyakula vingine mapema ndiko kunakoudhi tumbo changa na kuvifungulia virusi njia. Mama wa Kiislamu anayetamani kutimiza miaka miwili iliyotajwa katika Sura ya Al-Baqara hana sababu ya kukata tamaa, maadamu dawa zake hazikatiki.

Mafunzo humlinda mhudumu mwenyewe pia, nasi tusilisahau hilo, kwa kuwa wauguzi ni mabinti zetu na dada zetu. Hufundishwa kutoirudishia sindano kifuniko chake baada ya kuitumia, bali kuitumbukiza mara moja katika sanduku la usalama. Akijichoma kwa sindano yenye damu ya mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban mara 3 kati ya 1,000. Hata hivyo huosha jeraha kwa maji na sabuni, hutoa taarifa, na huanza dawa za kinga haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, akazimeza kwa siku 28.

Ipo kanuni moja inayounganisha usalama wake na heshima ya mgonjwa: damu ya kila mtu hushikwa kwa tahadhari ileile. Muuguzi anayevaa glavu kwa mgonjwa mmoja na kuziacha kwa mwingine hufanya makosa mawili kwa pamoja. Hujihatarisha, maana asiyejulikana hali yake ndiye aliye wengi. Na humtangaza yule aliyemvalia glavu, bila kutamka neno.

Hapo ndipo tunapofika kwenye sehemu ya pili ya mafunzo, ile iliyomkosa mhudumu wa kwanza katika kisa chetu. Ni elimu ya ulimi na macho. Mhudumu hufundishwa kuomba ridhaa kabla ya kupima, kufunga mlango, kutoa majibu kwa mwenyewe peke yake, na kutouliza kwa sauti ya kulaumu aliupata wapi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu na inakataza unyanyapaa. Lakini sheria haiwezi kusimama katika kila ukumbi wa zahanati. Kwa hiyo katika mafunzo mazuri wahudumu huigiza: mmoja anakuwa mgonjwa, mwenzake anampa majibu, wengine wanatazama na kusema walichokiona. Ajikutaye ameketi katika kiti cha mgonjwa, japo kwa maigizo, huyaelewa ambayo kitabu hakikumfundisha.

Huenda msomaji akauliza: je, maneno ya kliniki yana uzito wote huo? Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2022 na 2023 unatoa jibu. Kati ya watu wazima wanaoishi na VVU, takriban asilimia 83 ndio waliojua hali zao. Miongoni mwa hao wanaojua, karibu asilimia 98 walikuwa katika dawa. Na miongoni mwa walio katika dawa, asilimia 94 walikuwa wamevifubaza virusi. Tuzitazame hesabu hizi kwa makini. Mtu akishapimwa na kujua, tiba hukaribia kumfikia kila mmoja, na dawa hufanya kazi. Pengo kubwa liko mwanzoni kabisa, kwa wale ambao hawajapimwa. Sababu za kutopima ni nyingi, zikiwamo umbali na kutojihisi katika hatari. Lakini mojawapo ni ile aliyotutajia mama yetu: hofu ya kutangazwa. Na hofu hiyo ina mtu wa kuiondoa, naye ni yule anayekaa mlangoni.

Kwetu sisi Waislamu yapo mambo ambayo tungependa kila mhudumu anayetuhudumia ayajue. La kwanza ni Ramadhani. Tumesikia wagonjwa waliosimamisha dozi mwezi mzima kwa kuogopa kuharibu funga, na wengine walioogopa kumuuliza mhudumu. Dawa zinazotumiwa na wengi siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku. Aliye na afya njema anaweza kushauriana na mhudumu wake, saa ya kumeza ikahamishiwa baada ya futari au wakati wa daku, bila kukosa hata siku moja. Na ambaye afya yake haimruhusu kufunga, dini imempa ruhusa. Mhudumu aliyefundishwa huuliza mapema, mwezi wa Shaabani, wala hangoji virusi virudi juu ndipo aulize.

La pili ni stara. Mwanamke akiomba kuhudumiwa na mwanamke mwenzake, na yupo, asionekane msumbufu. La tatu ni vipimo kabla ya nikaha. Maimamu wengi huwahimiza wachumba wapime, nalo ni jambo jema. Lakini majibu ni ya wawili hao, hupewa na mshauri nasaha katika faragha. Si karatasi ya kupitishwa mikononi mwa mawalii na washenga. Posa ikivunjika, ivunjike bila sababu kutangazwa.

Katika kuandaa makala haya tumelazimika pia kujitazama wenyewe. Ni nani anayemwendea jirani yake muuguzi na kumuuliza, "Yule binti wa fulani alikuja kufanya nini pale?" Ni sisi. Ni mama mkwe gani anayedai kuiona kadi ya kliniki ya mkaza mwanawe? Tunawalaumu wahudumu kwa kuvunja siri, ilhali sisi ndio tunaozinunua. Dini yetu imetufundisha kwamba mazungumzo ya faragha ni amana, na kwamba kusengenya ni haramu hata kama yanayosemwa ni ya kweli. Muuguzi anayekataa kumjibu jirani yake hana kiburi, anatekeleza amana.

Nchini Uganda, Jumuiya ya Madaktari wa Kiislamu iliyoanzishwa mwaka 1988 ilitambua mapema kwamba elimu ya UKIMWI haiwezi kuishia hospitalini. Ilifanya kazi na maimamu na wasaidizi wao wa kike na wa kiume, ikawapa mafunzo, nao wakaipeleka elimu majumbani. Mfano huo unatufaa. Wajumbe wa misikiti yetu wanaweza kuketi na kamati za zahanati na kuuliza maswali mepesi: chumba cha ushauri kina mlango unaofungwa? Wahudumu wapya wamepata mafunzo? Mgonjwa aliyevunjiwa siri ampelekee nani malalamiko? Kuuliza hivyo si kuwagombeza. Muuguzi mmoja anayehudumia benchi zima tangu asubuhi anahitaji msaada wetu kuliko lawama zetu.

Watoto walirudi kutoka dukani kabla hatujaaga. Mkubwa alimkabidhi mamaye chenji, akaingia ndani kujitayarisha kwa madrasa. Tulimuuliza mama kama amemsamehe yule mhudumu wa kwanza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Nilishamsamehe. Labda hakufundishwa. Ila naomba afundishwe, kwa ajili ya mwingine atakayeketi pale."

Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu afya na stara, na awape wahudumu wetu elimu yenye manufaa. Amin.